Mtani Wangu Pazi na Maneno Yenye Sauti Moja

Tarehe 31 Desemba 1955, Mwalimu Pazi Bwanausi atafunga sanduku lake la chaki na kustaafu, baada ya kuitumikia Shule ya Mnarani, hapa Bagamoyo, kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia Januari 1927 akiwa kijana mwembamba mwenye kanzu moja ya kazi. Anatoka akiwa na wajukuu sita, miwani, na kanzu ambayo baadhi yetu tunashuku ni ileile.

Mwalimu Mkuu ameniomba niandike wasifu huu kwa heshima na taadhima. Nitajitahidi. Lakini wasomaji wa jarida letu wajue mapema kwamba Mwalimu Pazi ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na tangu enzi za wazee wetu waliokuwa wakishuka pwani na mizigo, watu wetu ni watani. Mtani ana ruhusa ya kumsema mtani wake hadharani, kumnyang'anya kitu mkononi, hata kuchekesha watu kwenye msiba wake, na anayetendewa hayo haruhusiwi kukasirika. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu alijua anamwomba nani, na lawama zote zipelekwe kwake.

Mwalimu Pazi alizaliwa Dunda, hatua chache kutoka hapa shuleni. Alipokuwa mdogo alijifunza herufi kwa Kijerumani. Vita vilipokwisha na serikali ikawa ya Waingereza, alipata kibarua cha kuandika majina ya wasafiri kwenye kivuko cha Ruvu, na huko ndiko alikojifunza Kiingereza kwa karani aliyekuwa akimfundisha wakati wa kusubiri watu. Anasema Kiingereza kilimtesa kuliko mbu wa Ruvu. Kijerumani alikiona kinasomeka karibu sawasawa na kinavyoandikwa. Kiswahili ndiyo usiseme. Lakini Kiingereza kilimletea maneno mawili yenye sauti moja kabisa, kila moja limevaa herufi zake, na kumwambia achague. Jua la angani, "sun", na mtoto wa kiume, "son", yote yakisikika sawa. Unga wa kupikia, "flour", na ua la bustanini, "flower", vivyo hivyo. Alianza kuyaandika mawili mawili kwenye karatasi za kufungia sukari alizopewa na Bwana Jaysukh, mwenye duka kule Dunda, na karatasi hizo ndizo zilizozaa daftari linalojulikana na kila aliyepita shuleni hapa. Leo lina jozi mia mbili na kumi na mbili. Lina pia madoa ya mchuzi wa papa, maana Mwalimu Pazi hatengani na daftari hata wakati wa kula.

Alipoajiriwa hapa alipewa darasa la Kiingereza kwa sababu moja tu, kwamba hakukuwa na mwingine. Hakuwa na cheti. Hilo alilijua na lilimkaa moyoni miaka mingi.

Somo lake la kwanza kila mwaka halikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Aliwauliza wanafunzi maana ya paa. Mmoja angesema paa la nyumba, mwingine mnyama wa mwituni, mwingine kupaa kwa ndege. Kisha angemgeukia yule wa nyuma kabisa, aliyekuwa akijificha, na kumuuliza, mama akikuambia ukapae samaki magamba, utapanda juu ya nyumba na changu mkononi? Darasa zima lingecheka. Ndipo angewaambia kwamba hawajawahi kupotea katika paa zote hizo, kwa kuwa hutazama neno liko wapi na limekaa na nani, na kwamba Kiingereza nacho kinataka hivyo hivyo, isipokuwa kinatoza ushuru wa herufi. Nimelisikia somo hilo mara kumi na tano na bado hunichekesha, ingawa mbele yake huwa nakaza uso.

Kisha akaja na jambo ambalo sijaliona shule nyingine yoyote. Jozi hizo aliziita maneno watani. Alizigawa kwa wanafunzi, kila mwanafunzi neno lake, na wale wawili wenye maneno ya sauti moja wakawa watani mwaka mzima. Walikaa pande mbili za darasa wakitazamana. Mwenye neno alilitunza: alijua herufi zake, alitunga sentensi zake, na yeyote aliyeliandika mahali pasipo pake alikuwa amemkosea mwenyewe. Hapo sheria ya utani ilifanya kazi. Mwenye neno aliinuka, akamnyang'anya mkosaji kofia, au penseli, au kipande cha muwa, na hakurudisha mpaka mkosaji aandike sentensi tatu zilizo sawa. Aliyenyang'anywa akikasirika, sentensi ziliongezwa zikawa sita.

Mwaka 1938 darasa lake lilikuwa na wanafunzi ishirini na saba. Kwa kuwa idadi haikugawanyika, alibaki msichana mmoja, Somoe, mwenye neno "whole", yaani kitu kizima, na hakuwa na mtani. Mwalimu Pazi akajitolea kuwa mtani wake na kulichukua "hole", yaani shimo. Alisema shimo ni la mwalimu, kwa kuwa makosa ya watoto wote humwangukia yeye. Somoe, ambaye sasa ni mkunga anayeheshimiwa kote Saadani, alimnyang'anya mwalimu wake kofia mara nne mwaka ule. Mara mbili alimwonea.

Sasa nifike mahali ambapo mkono unakuwa mzito.

Mwezi Mei mwaka huohuo alikuja mkaguzi wa shule, Mwingereza mrefu, mtu wa haki kwa namna yake, ambaye jina lake sitaliandika. Alikuja na karani mkalimani, kijana wa Kinyamwezi wa miaka ishirini na minne, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mkaguzi aliposhuka kwenye lori na kusalimiwa na Mwalimu Pazi pale barazani, alimuuliza karani wake kando, huyu ni mwalimu wa namna gani? Karani alikwisha sikia kwamba mwenyeji wao ni Mzaramo. Mdomo ukamwasha. Akajibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti ili mwenyewe asikie, na uso mkavu kama desturi inavyotaka: "Huyu, Bwana, hulala mpaka saa sita. Watoto humwibia hata kofia naye hana habari. Wazaramo wakishashiba mihogo hawafundishi, wao ni ngoma tu."

Mwalimu Pazi alicheka mpaka akashika nguzo. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani akikusema, unacheka, kisha unatafuta lako la kumrudishia.

Mkaguzi hakucheka. Alichokiona yeye ni mwalimu aliyeshtakiwa uvivu mbele ya mkubwa wake, naye akaangua kicheko badala ya kuona haya. Akatoa kitabu chake akaandika. Kisha akaingia darasani na kukaa nyuma. Haikupita robo saa, mwanafunzi aitwaye Mwinshehe akaenda ubaoni kuandika habari za sikukuu ya Idi, akaandika kwamba walikula "meet", yaani walikula kukutana. Mwenye neno la nyama, "meat", alikuwa Mgeni, mtoto wa Miono, mwenye mabega ya mpagazi. Mgeni akainuka, akavuka darasa, akamvua Mwinshehe kofia, akarudi nayo kukaa. Mwalimu Pazi akaendelea na somo. Darasa likashangilia.

Kofia ndiyo hiyo, karani alikwisha isema. Mkaguzi akaandika tena.

Saa nne aliwasimamisha wote na kutoa uamuzi wake. Karani akatafsiri, sentensi moja baada ya nyingine, mbele ya watoto. Kwamba darasa la Kiingereza litafungwa mwisho wa mwezi. Kwamba wanafunzi hawa hawataketi kwenye mtihani wa kwenda shule za juu. Kwamba mwalimu huyu, asiye na cheti, mvivu kwa ushahidi uliotolewa na asiyeweza kuzuia wizi darasani mwake, atapelekwa Miono kufundisha alifu na be kwa wanaoanza. Karani aliyatafsiri hayo yote bila kukosea hata neno moja. Alijua kwamba huo "ushahidi uliotolewa" ni utani wake yeye. Alijua angeweza kusema papo hapo. Lakini alikuwa na kazi nzuri, na mkalimani anayefanya mzaha mbele ya mkubwa wake hakai nayo. Akanyamaza.

Karani huyo ni mimi.

Mwalimu Pazi alinitazama mara moja tu. Angenyoosha kidole na kusema, huyu ni mtani wangu, alikuwa akicheza, ningeumbuka mimi na yeye angepona. Hakunyoosha. Miaka baadaye nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa kunishangaa kwamba mtani hashitakiwi. Siku ile alimwomba mkaguzi jambo moja tu, kwamba apewe miezi miwili, kisha watoto wapimwe kwa imla. Mkaguzi akakataa.

Tuliondoka kwenda Saadani mchana. Tulipofika Ruvu na kusubiri kivuko, niliacha chakula changu nikamfuata alipokaa. Nikamwambia mkaguzi ukweli wote. Nilimweleza habari za Wazaramo na Wanyamwezi, misafara, misiba, kofia, kila kitu. Alinisikiliza, kisha akauliza, ina maana maneno yaleyale kutoka kwa adui yangekuwa matusi, na kutoka kwako ni salamu, nami nitayatofautishaje? Nilimjibu kwamba hatuna dawa zaidi ya kujua nani anamwambia nani. Tukavuka, tukashuka ng'ambo. Ndipo alipotamka hukumu mpya. Miezi miwili wamepewa. Imla ataitunga mwenyewe. Darasani kusinyang'anywe kitu na lisisemwe neno la Kiswahili. Wasipofaulu theluthi mbili, mwalimu anakwenda Miono na karani anakwenda kwao.

Barua ya masharti niliiandika mimi kwa mashine.

Ya miezi hiyo miwili nilisimuliwa na Somoe. Anasema Mwalimu Pazi aliyafuata masharti yote, na darasa likapoa. Kiswahili kilikoma mlangoni. Lakini hakuwaondolea maneno yao wala hakuwahamisha mahali pao. Mtu akikosea, mwenye neno alisimama tu kimya na kumtazama mkosaji mpaka asahihishe. Somoe anasema kutazamwa na Mgeni kulikuwa kubaya kuliko kunyang'anywa kofia. Nyumbani, Bi Mwanaharusi, mke wa Mwalimu Pazi, aligundua kwamba mumewe ameanza kufunga vitu vyao vya safari ya Miono kidogo kidogo, na kila alichofunga mume, mke alikifungua na kukirudisha mahali pake. Hawakusemeshana juu ya jambo hilo. Chungu cha wali kilifungwa na kufunguliwa mara tisa.

Tulirudi mwezi Julai. Sentensi zilikuwa thelathini, na kila moja ilikuwa na neno mojawapo la yale ya sauti moja. Mkaguzi alisoma ya kwanza, yenye habari za nyama sokoni. Wanafunzi wote, kabla ya kushika penseli, waligeuza vichwa wakamtazama Mgeni. Mkaguzi akasimamisha kazi. Alidhani Mgeni anawaonyesha jibu kwa vidole. Akawahamisha wote, huyu huku na yule kule, hata mimi nikashindwa kukumbuka nani alikuwa wapi. Kisha akasoma ya pili, yenye habari za jua. Vichwa vikageuka vyote pamoja, vikaangalia kona ya kulia, mahali alipokuwa akikaa mwenye neno la jua. Sasa pale alikuwa amekaa mwingine kabisa.

Mkaguzi aliniuliza wanaangalia nini. Safari hii nilijibu bila mzaha wowote. Nilimwambia kwamba kila neno lina mwenyewe na kila mwenyewe ana mahali pake, na hata wenyewe wakiondolewa, watoto bado wanakumbuka neno gani linakaa wapi. Kisha akaendelea kusoma mpaka ya thelathini, na vichwa viliendelea kugeuka, kulia, kushoto, dirishani, mlangoni. Waliposikia neno la kitu kizima walitazama mahali pa Somoe. Waliposikia la shimo, watoto ishirini na saba waliinua macho na kumtazama mwalimu wao, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha kwa amri ya mkaguzi, mikono nyuma.

Walifaulu ishirini na watano. Wawili waliokosa, mmoja ni Mgeni mwenyewe. Neno lake alilijua vizuri mno, ya wenzake hakujishughulisha nayo. Sasa ni sajenti wa polisi na hali hiyo inamfaa.

Mkaguzi alifungua taarifa ya Mei, akapiga mistari miwili juu ya ukurasa mzima, akanipa nimpelekee Mwalimu Pazi aone kwa macho yake. Kisha akaomba dafu. Darasa lilibaki. Mwaka huohuo wanafunzi kumi na mmoja walichaguliwa kwenda shule za juu, na tangu hapo haujapita mwaka bila Mnarani kupeleka mtu. Walioko posta, walioko mahakamani, walioko hospitali, yule anayesoma Makerere hivi sasa, wote walipewa neno la kutunza kwenye chumba kile chenye dirisha bovu. Cheti nacho kilikuja mwaka 1946, baada ya mafunzo ya likizo, na nadhani ni mwalimu pekee katika mwambao huu aliyekitundika jikoni. Bi Mwanaharusi anasema ndipo mahali pekee ambapo mume wake angekiona kila siku.

Mimi nilikwenda kwake siku ile ya Julai nikavua kofia yangu, kofia mpya, nikamkabidhi. Ndiyo faini ya mtani. Aliipokea, akaigeuza, akaikagua kushona kwake, akanirudishia. Alisema kosa langu ni kubwa kuliko kofia, faini yangu ataitoza siku atakayoondoka. Nilicheka. Miaka miwili baadaye niliacha ukarani nikaja kufundisha hesabu hapahapa Mnarani. Watu huniuliza kwa nini niliacha kazi yenye meza na feni. Huwajibu kwamba nilitaka kumchunga Mzaramo asilale mpaka saa sita. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa karibu na mtu ambaye alikuwa na uwezo wa kuniangusha na hakunyoosha kidole.

Kwa miaka kumi na mitano tumenyang'anyana kila kitu. Ameniibia chaki za rangi. Nimemfichia miwani mara zisizohesabika. Alipougua homa ya mapafu mwaka 1951 nilikwenda hospitali nikampima kitanda kwa rula, nikamwambia nataka kujua jeneza lake litakuwa na eneo gani. Muuguzi alinifukuza. Mgonjwa alikohoa kwa kicheko na siku ya tatu akaomba uji. Faini ya 1938 hakuitaja hata mara moja, nami nilianza kuamini kwamba ameisahau.

Hakuisahau. Jumatatu ya wiki iliyopita alinikuta chumba cha walimu nikisahihisha hesabu za darasa la sita. Aliniwekea mezani lile daftari, madoa ya mchuzi na yote. Akaniambia amekwisha zungumza na Mwalimu Mkuu, na kwamba kuanzia Januari darasa la Kiingereza ni langu. Nikamwambia mimi ni mtu wa hesabu. Akanijibu, "Hiyo ndiyo faini, mtani. Ulitaka kulifunga, sasa litunze." Kisha akafungua orodha ya wanafunzi wa mwaka ujao. Wako thelathini na mmoja. Idadi haigawanyiki. Atabaki mtoto mmoja asiye na mtani, na neno lililobaki kwa mwalimu lilikuwa limekwisha andikwa mbele ya jina langu kwa mwandiko wake uliolala, lilelile alilolitunza mwenyewe tangu mwaka 1938.

Nimelipokea shimo hilo kwa mikono miwili.

Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na wazazi wa Shule ya Mnarani, ahsante, Mwalimu Pazi, kwa miaka ishirini na tisa uliyotupa. Ahsante, Bi Mwanaharusi, kwa kufungua chungu kila kilipofungwa. Tunakuombea, Mwalimu, afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele, wajukuu wenye adabu na papa wa nazi kila Ijumaa. Nilikuwa nimepanga kumaliza wasifu huu kwa mzaha mkubwa juu ya Wazaramo, na nimeutafuta tangu Jumatatu. Nimeukosa. Hii ni mara ya kwanza katika miaka kumi na saba ninakosa la kukurudishia, mtani wangu, na nakuomba usiwaambie watu.

Abdala Mrisho,
Mwalimu wa hesabu, na kuanzia Januari, wa Kiingereza